Fundi aliyeona aibu kufuta chaki

Saa nane kasoro robo mchana, Twahiru Nasiri anafunga madirisha mawili ya karakana ya samani huko Gisozi, jijini Kigali, anafunga na mlango, kisha anawaomba waliomo wasifungue hata joto likizidi.

Ndani kuna watu watatu, kompyuta moja, na bati lililopigwa na jua tangu asubuhi. Vumbi la mbao linaelea. Harufu ni ya vanishi.

"Fundi, joto iko mingi," analalamika Kagabo, seremala wa miaka hamsini na tatu, akijipangusa shingo kwa aproni. "Sisi si mikate."

"Nataka joto hilohilo," Twahiru anamjibu bila kugeuka. "Hapa ndipo itakapoishi."

Anazungumzia kadi ya picha, ile sehemu ya kompyuta inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Ina urefu wa mkono kutoka kiganja hadi karibu na kiwiko, feni mbili, na mapezi ya alumini ya kutolea joto. Ni ya mtumba. Muuzaji ameiachia kwa majaribio hadi saa kumi na moja jioni. Mwenye karakana, Gahongayire, ambaye wengi humwita Mama Shami, hatalipa mpaka Twahiru aseme kama ni nzima.

Kwa Gahongayire kumsubiri Twahiru aseme si jambo jepesi. Miaka miwili iliyopita alimsubiri hivyohivyo, akaambiwa kadi ni nzima, akainunua, ikamharibia kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Kadi hiyo ya kwanza bado ipo. Imetundikwa kwenye msumari juu ya meza ya kuchorea. Kwenye kibati chake cha chuma, pale zinapochomekwa nyaya za skrini, kuna mstari wa chaki ya bluu.

Mstari huo aliuchora Twahiru.

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Biryogo, Nyamirambo, na bado anaishi humo. Baba yake, marehemu mzee Nasiri, alikuwa fundi cherehani aliyeshona kanzu na suti kwa nusu ya mtaa. Twahiru aliacha shule akiwa darasa la tano.

"Sikufukuzwa, wala sikuugua," anasema. "Nilichoka tu, na baba alikuwa na cherehani mbili."

Alishona suruali kwa miaka minne. Baadaye akaanza kufungua redio za watu, kisha simu, kisha kompyuta. Hana cheti hata kimoja. Alichonacho ni macho, bisibisi na subira, ingawa hiyo subira, anakiri, aliipata kwa kuchelewa.

Kazi yake ya sasa haina jina rasmi. Mtu akitaka kununua kadi ya picha iliyotumika, humwita Twahiru aipime kwanza. Kadi mpya ni ghali mno kwa vijana wa michezo ya kompyuta, kwa wahariri wa video za harusi na kwa wachoraji kama Gahongayire. Za mtumba zipo, ila nyingi hazikutoka mahali pazuri. Zimefanya kazi usiku na mchana katika vyumba vya watu waliokuwa wakichimba sarafu za kidijitali, hadi biashara hiyo ilipowaishia wakaziuza.

"Watu wanatazama feni," anasema Twahiru. "Feni ikizunguka wanasema hii nzima. Feni ni kitu cha kubadilisha nusu saa. Kinachokufa ni memori."

Memori, anaeleza, ni vile vipande vidogo vyeusi vilivyozunguka chipu kuu. Kadi huweka humo picha wakati inaichora. Joto likizidi kwa muda mrefu, memori huanza kusahau kile ilichopewa. Kadi haizimiki siku hiyo. Inakosea kidogo leo, kidogo kesho, mpaka siku moja inaharibu kila kitu mbele ya watu.

Anapima mambo matatu. Kwanza memori, kama inakumbuka yote inayopewa. Pili upoozaji, kama joto linatoka. Tatu ni kile ambacho mafundi wa Nyamirambo hukiita kuikimbiza, yaani kupandisha mwendo wa kadi zaidi ya ule uliowekwa kiwandani, ili kuona imebakiza nguvu kiasi gani.

Kuikimbiza ndiko kulikompa jina. Ndiko pia kulikomponza.

Enzi hizo alikuwa na kibanda chenye mlango mpana, kando ya duka la vitenge. Wateja walikuja asubuhi, na vijana walijaa mlangoni kutazama namba zikipanda kwenye skrini. Twahiru akiongeza mwendo, wao wanapiga kelele. "Ongeza, Twahi! Isulubu!" Naye anaongeza. Kadi ikihimili, alitoa mfukoni chaki ya baba yake, ile bapa ya kuchorea vitambaa, akapiga mstari mmoja kwenye kibati cha kadi. Mstari huo ulikuwa ndiyo risiti yake. Wanunuzi wengine walikataa hata kujadili bei ya kadi isiyo na chaki ya Twahiru.

Alipima kadi sita hadi nane kwa siku, kila moja faranga elfu tano. Kipimo kimoja kilichukua dakika kumi na mbili.

Asubuhi moja ya Julai, miaka miwili iliyopita, Gahongayire alifika na kompyuta yake kwenye pikipiki, akiwa ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Ana miaka thelathini na saba. Alikulia Bukoba, Tanzania, na alijifunza kuchora samani kwa kompyuta ili mteja aone kitanda kikiwa chumbani mwake kabla hata mbao haijakatwa. Kompyuta yake ilikuwa inachechemea. Muuzaji alikuwa amemletea kadi iliyoonekana mpya kabisa.

Twahiru aliipokea kibandani, mlango ukiwa wazi na upepo wa asubuhi ukipita. Aliiweka mezani, nje ya kasha la kompyuta, kwenye hewa. Aliikimbiza. Joto la chipu kuu lilisimama nyuzi sitini na sita, namba nzuri sana. Programu aliyokuwa anatumia haikuonyesha joto la memori, na yeye hakuuliza. Akaongeza mwendo wa memori, kwa sababu ndiyo inayopandisha namba haraka. Vijana wakapiga kelele. Dakika ya tisa akatoa chaki, akapiga mstari.

Dakika ya kumi akaona mafuta.

"Yalikuwa kidogo, kama mtu aliyeshika chapati akagusa ukingo wa kadi," anakumbuka. "Nikajua ni nini. Ndani, juu ya memori, kuna vipande laini vya kupitisha joto. Vikiungua sana vinatoa mafuta. Kadi iliyotoa mafuta imechemka miezi mingi. Hiyo si kadi ya kukimbiza. Hiyo ni ya kufungua, kusafisha na kupima upya, tena taratibu."

Hakufungua. Alichukua kitambaa, akapangusa mafuta.

Kwa nini hakupangusa chaki badala yake? Swali hili amejiuliza mara nyingi kiasi kwamba jibu linamtoka bila kufikiri.

"Aibu. Watu ishirini mlangoni walishaona nimepiga mstari. Nikifuta, watasema Twahiru hajui. Basi nikaacha."

Halafu anaongeza lile linalomuuma zaidi. "Baba alikuwa anafuta chaki mara kumi kwa siku. Anachora bega, anatazama, anafuta, anachora tena. Ndiyo sababu mafundi wanatumia chaki na si wino. Mimi nimekulia chini ya ile meza yake, na nikaona aibu kufuta mara moja."

Siku hiyo alifanya na kosa la pili, akidhani ni hisani. Aliifunga kadi ndani ya kompyuta ya Gahongayire na kuiacha ikiwa imekimbizwa, ili kila ikiwashwa iende kwa mwendo ule wa juu. "Nikamwambia, Mama Shami, hiyo ni zawadi yangu. Akanishukuru."

Zawadi ilidumu siku kumi na tisa.

Gahongayire ndiye anayesimulia kilichofuata, akiwa amekaa juu ya stuli isiyopakwa rangi, mikono mapajani. Hoteli moja ndogo iliyokuwa inajengwa Kimihurura ilitaka samani za vyumba kumi na viwili. Alikuwa ameifuatilia kazi hiyo kwa miezi minane. Wenye hoteli wakakubali kuja Gisozi kuona michoro, watu wanne, saa tisa alasiri.

"Niliwakalisha hapahapa, nikawasha," anasema. "Chumba cha kwanza kikaja vizuri. Mmoja akasema eh, hata shuka linaonekana. Tukaingia cha pili. Vikaanza kutokea vijisanduku vya rangi kitandani. Kijani, zambarau. Vikaongezeka kama upele. Halafu giza."

Aliwasha tena. Giza. Wageni walisubiri saa nzima kwa heshima, wakanywa soda, wakaondoka. Kazi ilikwenda kwa mtu mwingine. Kati ya mafundi sita waliokuwa wakiitegemea, wanne aliwaruhusu waende kutafuta pengine. Kagabo na mwenzake mmoja ndio waliobaki.

"Mmoja wa wale wanne alikuwa ameshamwambia mkewe," anasema Kagabo. "Iko aibu kurudi nyumbani kusema kazi imekufa sababu ya televisheni."

"Si televisheni," anamrekebisha Gahongayire.

"Mimi naonaga televisheni."

Gahongayire alimrudishia Twahiru habari, si kadi. Alimpigia simu na kumwambia yote, polepole, bila kutukana. Twahiru anasema bora angetukana. Aliomba aje airekebishe. Akaambiwa asikanyage Gisozi.

Mkewe, Akimana, anauza maziwa na chapati jirani na kibanda kile. Anakumbuka wiki zilizofuata. "Alikuwa anakula kama mtu aliyelazimishwa. Vijana wakija kumwambia aikimbize kadi, anawafukuza. Nikamwambia, mume wangu, sisi tutakula nini? Akasema tutakula kidogo."

Walikula kidogo kweli. Alikirudisha kibanda kwa mwenyewe. Akaacha kupima mezani kwake, akaanza kwenda kwa mteja, kuifunga kadi ndani ya kompyuta ileile itakayoitumia, katika chumba kilekile, saa ya jua kali, madirisha yakiwa yamefungwa. Anapima memori yote, si nusu. Anapima joto la memori lenyewe. Kipimo sasa ni dakika arobaini na tano, na safari ya kwenda na kurudi inamla nusu siku.

Bei yake imepanda hadi faranga elfu nane, lakini kadi zimeshuka hadi mbili kwa siku, tatu akibahatika. Katika kila kadi kumi anazopima, anasema, nne huzikataa. Wauzaji wawili hawamsalimii tena.

"Baba alikuwa anapimia nguo mwilini mwa mtu," anasema. "Mimi nilikuwa napimia mezani, halafu nashangaa kwa nini inabana."

Habari za kukataa kwake ndizo zilizofika Gisozi. Mwezi huu Gahongayire amepata mteja mwingine, familia inayomalizia nyumba Rebero na inayotaka makabati ya jiko na vitanda vitano. Wanakuja kuona michoro Ijumaa. Kompyuta yake bila kadi nzuri inachukua dakika nzima kugeuza kabati moja. Aliuliza mafundi watatu kuhusu kadi hii ya mtumba. Wote walisema ni nzuri kabla hata hawajaishika.

"Nikasema basi, nimwite yule anayekataa," anasema. "Simpendi. Ila nimemwita."

Twahiru anasikia maneno hayo na kuinama kwenye nyaya zake.

Saa nane kamili programu inaanza. Inajaza memori yote kwa tarakimu, inazisoma tena, inahesabu zilizosahaulika. Kwenye skrini, mbele ya neno makosa, kuna sifuri. Feni zinavuma. Twahiru anaongeza mwendo kidogo sana, anatazama, anaongeza tena. Chipu kuu iko nyuzi sabini na mbili. Memori inapanda themanini na nane, tisini, tisini na nne.

"Daktari," Kagabo anamchokoza, "mgonjwa wako wa kwanza tulimtundika pale. Huyu wa pili nimtafutie msumari?"

"Kagabo!" Gahongayire anamkemea, lakini anacheka, na Twahiru anacheka pia, kicheko kifupi.

Dakika ya thelathini, sifuri. Ya arobaini, sifuri. Jasho linamtoka Twahiru puani. Kagabo amevua aproni na shati. Dakika ya arobaini na tano programu inalia, na namba bado ni sifuri.

"Imepita?" anauliza Gahongayire. Amesimama. Amekwisha kushika simu kumpigia muuzaji.

"Imepita," anasema Twahiru.

Anaingiza mkono mfukoni, anatoa kipande cha chaki ya bluu, anajikunja nyuma ya kompyuta na kupiga mstari kwenye kibati. Kagabo anafungua dirisha moja. Upepo unaingia, na kila mmoja anavuta pumzi. Twahiru anaanza kukunja nyaya zake. Programu hajaizima, inaendelea yenyewe.

Ni Twahiru peke yake anayetazama skrini inapobadilika. Pale penye sifuri pametokea moja.

Programu hailii. Hakuna kijisanduku cha rangi, hakuna giza. Ni kosa moja kati ya mamilioni ya tarakimu, dakika sita baada ya kipimo kuisha. Gahongayire anaongea na simu, anamwambia muuzaji aje na begi lake kuchukua pesa. Hakuna ambaye angejua.

Twahiru anasimama hapo kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Kisha anajikunja tena nyuma ya kompyuta, anatia kidole gumba mate, na kuufuta mstari.

"Mama Shami," anasema, "kata simu."

Gahongayire anageuka. Anaona kidole cha bluu. Anaangalia skrini, ambapo sasa pameandikwa mbili.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako. Mkono wangu bado una haraka, nisamehe. Hii kadi inachoka. Nikiipunguza mwendo chini ya ule wa kiwandani, inaweza kukaa, ila sijui itakaa miezi mingapi. Kuikimbiza usifikirie kabisa. Kwa bei ya kadi nzima, usiinunue."

Gahongayire anamwambia muuzaji asije na begi. Halafu anakaa. Ijumaa ni siku tatu tu kutoka leo, na kila mtu mle ndani anaijua hesabu hiyo.

"Chora kwa penseli, bosi," anasema Kagabo. "Penseli haina feni."

"Nitachora," anajibu, kwa sauti ya mtu asiyefurahi hata kidogo. "Kabla ya mashine nilikuwa nachora. Familia ya Rebero wakitaka kuona shuka, watalitandika wenyewe."

Twahiru anasema yuko mtu Nyamirambo, mhariri wa video za harusi, anayetaka kuuza kadi yake. Ni ndogo kuliko hii, haina mbwembwe, haijawahi kuchimba sarafu. Atamshawishi aiachie kwa majaribio kesho kutwa. Akiipata, ataileta. Ikishindwa, atasema imeshindwa. Kuhusu maisha yake mwenyewe, ana mpango mmoja tu anaoutaja: kupanga chumba kisicho na dirisha huko Biryogo, akiezeke bati tupu, apime humo kadi za watu wasio na nafasi ya kumkaribisha. "Chumba kibaya," anasema. "Nataka chumba kibaya kabisa."

Anamaliza kufunga mfuko wake, lakini haondoki. Anatazama ukutani.

"Niruhusu jambo moja," anamwambia Gahongayire. "Ile ya zamani. Niifute chaki."

Gahongayire anafikiri. Kisha anapanda juu ya stuli, anaitoa kadi msumarini na kumpa pamoja na kitambaa cha mezani.

Twahiru anasugua. Anatia mate, anasugua tena. Anajaribu kwa ukucha. Mstari wa bluu umebaki palepale, unang'aa.

Kagabo anasogea, anaishika kadi, anainusa kama anavyonusa mbao.

"Ni vanishi," anasema. "Miaka mbili tunapuliza vanishi hapa ndani. Imeifunika. Hiyo haitoki tena, fundi. Labda msasa."

Twahiru anaitazama chaki yake chini ya vanishi ya watu wengine. Anamrudishia Gahongayire kadi, naye anapanda tena juu ya stuli na kuitundika pale ilipokuwa.

Yuko mlangoni, viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi la mbao, anapoitwa.

"Twahiru."

Ni mara ya kwanza leo kumwita kwa jina.

"Alhamisi saa nane, jua likiwa hapohapo," anasema Gahongayire. "Uje na chaki. Na kitambaa uje nacho pia."